Vibuyu vya Tabutany

Kwa miaka mitatu Jepkemei alikuwa amechukiwa na watoto wa shule kuanzia Gilgil mpaka Molo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumkosea. Chuki yenyewe ilikuwa ya kazi. Alikuwa mwigizaji katika kundi la Ndegwa, lile linalozunguka shuleni likiigiza vitabu teule ili watahiniwa wa kidato cha nne wavielewe. Katika riwaya ya Mlango wa Zizi yeye ndiye aliyekuwa Tabutany, mama anayeamka alfajiri, anafungua zizi, anamtoa ng'ombe aliyepewa na babake siku ya harusi, na kwenda zake akiwaacha watoto watatu wamelala. Harudi. Riwaya inaendelea kurasa nyingi baada ya hapo, watoto wanakua, binti mkubwa anaolewa, na bado harudi.

Siku moja alikuwa sokoni Nakuru akichagua sukuma wiki, wasichana wenye sare wakamwona.

"Tabutany, rudi nyumbani, watoto wanalia."

"Waambieni ugali iko kwa sufuria," akawajibu.

Wakacheka, naye akacheka. Lakini alipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda na sukuma yake mapajani akasahau kuikata. Kuigiza mtu kwa miaka mitatu si kama kuvaa koti la mtu. Unaanza kumjua. Unajua anavyopumua akiwa na hasira na anavyopumua akiwa na wasiwasi. Na kadiri Jepkemei alivyomjua Tabutany, ndivyo alivyozidi kushindwa kuuamini mwongozo.

Mwongozo ni kile kijitabu chembamba ambacho wanafunzi wengi hukisoma badala ya riwaya yenyewe. Humo kila mhusika ameshabandikwa sifa zake. Kimeto, mume: mvumilivu, mchapakazi. Binti mkubwa: jasiri. Tabutany: msaliti, mbinafsi, katili. Maudhui: usaliti katika ndoa. Ukishakariri hayo unaweza kuingia chumba cha mtihani bila riwaya kuifungua hata siku moja, na wengi ndivyo walivyofanya. Jepkemei alikuwa ameigiza riwaya za zamani, zile ambazo mtu mbaya unamtambua kwa kicheko chake tu, na za siku hizi, ambazo hata mwizi ana mama anayempenda. Alijua tofauti. Mlango wa Zizi ilikuwa riwaya ya siku hizi, na mwongozo ulikuwa unaisoma kama ya zamani.

Mambo yangeishia hapo, mtu na mawazo yake, kama si kiti moto. Hiyo ilikuwa desturi ya kundi lao. Mchezo ukiisha, mwigizaji mmoja hubaki jukwaani na mavazi yake yale yale, anaketi kwenye kiti katikati, na wanafunzi wanamhoji, si yeye, bali mhusika. Anajibu kama mhusika. Na mtu wanayemtaka kila mahali alikuwa Tabutany. Wiki iliyopita, katika shule moja upande wa Lanet, msichana alimuuliza kama anajuta. Jepkemei alifikiri kidogo, akasema, "Sijui. Kitabu hakisemi." Wanafunzi wakaandika hivyo hivyo kwenye daftari zao. Walimu walinung'unika mpaka habari ikafika Rongai kabla ya kundi lenyewe.

Ndiyo maana asubuhi ile, wakishusha vyombo nje ya ukumbi wa shule moja kando kidogo ya mji wa Rongai, Ndegwa alimvuta pembeni. Ndegwa ndiye mwenye kundi, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole, lakini siku hiyo upole ulikuwa umemwishia.

"Mathe," akasema, maana kundini wote walimwita mama, "mwalimu Wanyonyi wa hapa amenipigia simu. Anauliza kama ni kweli Tabutany wetu hajui kama yeye ni msaliti."

"Na ukamwambia nini?"

"Nimemwambia leo atajua."

Jepkemei akakung'uta shuka yake ya buluu, ile ya Tabutany jukwaani, akaikunja begani. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Wakikuuliza kama unajuta, unajuta. Wakikuuliza kama wewe ni msaliti, piga magoti, lia kidogo, tumalize. Hawa watoto wanakaribia mtihani, Mathe. Walimu wanataka majibu, hawataki maswali juu ya maswali. Ukirudia ile maneno yako ya kitabu hakisemi, hiyo shuka inaenda kwa Zeddy. Kuanzia shule ya kesho."

Zeddy alikuwa karibu, amebeba kibuyu cha jukwaani chini ya kwapa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye sauti nzuri, aliyeingia kundini mwaka jana kucheza binti mkubwa.

"Mathe, mimi sijaomba hiyo shuka," akasema.

"Najua. Lakini mistari umeshika."

"Nimeshika. Siwezi kukudanganya."

"Hata mimi ningeshika," Jepkemei akasema, akampiga begani kidogo, akaingia ndani kuvaa.

Hakuwa na kinyongo na msichana. Kilichomuuma ni kingine. Zeddy angepiga magoti vizuri sana. Angelia, machozi yangetoka ya kweli, na Tabutany angekuwa msaliti moja kwa moja, bila mtu hata mmoja wa kumsemea.

Ukumbi ulijaa pomoni. Mwalimu Wanyonyi alikuwa amealika shule nyingine pia, na moja ilikuwa imetoka mbali kule Naivasha. Wanyonyi mwenyewe alisimama karibu na ubao, mtu mnene mwenye suti ya kahawia na chaki mfukoni. Ubaoni alikuwa ameshaandika kwa mwandiko wake mzuri: TABUTANY. Msaliti. Mbinafsi. Katili.

Mchezo ulikwenda salama. Jerry, dereva wa kundi ambaye ndiye pia aliyekuwa Kimeto, alikoroma kitandani kama inavyotakiwa. Watoto walilala. Tabutany akaamka, akakitundika kibuyu ukutani, akafungua mlango wa zizi, akatoka bila kugeuka nyuma. Hapo ukumbi ulizomea kama kawaida. Hiyo "bila kugeuka nyuma" iko kwenye mwongozo, neno kwa neno, kama ushahidi wa ukatili wake, na hakuna mwanafunzi asiyeijua.

Kisha kiti moto.

Jepkemei aliketi, shuka mabegani, mikono mapajani. Wa kwanza kusimama alikuwa kijana mmoja wa ile shule ya Naivasha, mwembamba, amejiamini.

"Naitwa Ngigi. Sasa, Tabutany."

"Poa, kijana wangu."

"Mimi si kijana wako, wako uliwaacha." Ukumbi ukalipuka. Ngigi akangoja kelele zitulie kama mtu aliyezoea. "Swali langu ni moja tu. Wewe ni msaliti. Unajuta ama hujuti?"

Jepkemei aliangalia pembeni. Ndegwa alikuwa amesimama karibu na pazia, kiganja kimeelekea chini, akikishusha taratibu. Magoti, Mathe. Nyuma yake Zeddy alikuwa anatazama sakafu.

Basi akainuka. Akashika kiti kwa mkono mmoja, akakunja goti la kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na minane na goti lile halikuwa rafiki yake, kwa hiyo lilishuka polepole, na kuchelewa huko ndiko kulikomwokoa. Kabla la pili halijagusa mbao, sauti ya msichana ilitoka nyuma kabisa.

"Mathe, kabla hujapiga magoti, hizo kibuyu zingine ziko wapi?"

Watu wakageuka. Msichana alikuwa mrefu, kitabu kimefunguliwa mkononi, riwaya yenyewe wala si mwongozo, jalada limechakaa.

"Chepkemboi, jitambulishe kwanza," Wanyonyi akasema.

"Samahani, mwalimu. Naitwa Chepkemboi, wa hapa. Nauliza tu. Ametundika kibuyu moja. Kwa kitabu ni nne. Zingine mmeuza?"

Ukumbi ukacheka tena, safari hii si Tabutany bali kundi zima likichekwa. Jerry, akiwa bado na kofia ya Kimeto kichwani, akaanza kuchunguza viatu vyake. Ukweli ni kwamba vibuyu vilikuwa vinne walipoanza. Kisha siku moja karibu na Gilgil Jerry alikalia gunia lenye vibuyu bila kutazama, kikabaki kimoja, na Ndegwa akasema kimoja kinatosha, nani atahesabu. Tangu hapo walicheza na kimoja. Jepkemei alikuwa amecheza na kimoja muda mrefu mpaka akasahau kwamba palikuwa na vingine.

Lakini mikono haikusahau. Aliposikia neno nne, mikono yake ilisisimka. Alikumbuka siku za kwanza, alivyokuwa akitundika kimoja, akarudi, cha pili, akarudi. Kazi ndefu ya polepole. Mtu anayekimbia hafanyi kazi ya namna hiyo.

Akainuka kutoka kwenye goti, akaketi.

"Soma hapo, mama," akamwambia Chepkemboi kwa sauti ya Tabutany. "Soma yote, usiruke."

Chepkemboi akasoma: "'Alivipanga vibuyu vinne ukutani, kimoja kimoja, vimejaa, vinanuka mkaa mpya, akavifunika kwa ngozi, akatoka bila kugeuka nyuma.'"

"Ile ya mwisho mnaijua," Jepkemei akasema. "Mnaijua sana. Wote mmetazama mgongo wangu. Nani ametazama mikono yangu?"

Pazia likatikisika. Ndegwa alikuwa amelishika. Jepkemei hakumtazama tena.

"Ndani ya vibuyu kuna nini?"

"Mursik," wakajibu nusu ya ukumbi, wale wa huku juu.

"Si ni maziwa tu?" Ngigi akauliza.

"Boss, maziwa tu ni ya chai," Chepkemboi akamwambia, na wasichana wa mstari wake wakapiga vigelegele. "Hii unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unasugua kibuyu ndani na huo mkaa, unachemsha maziwa, yanapoa, unajaza, unafunika. Halafu unangoja yagande. Wiki nzima saa zingine. Ukifungua mapema nyanya yangu anakufukuza na kibuyu yako."

"Kwa hiyo siku ile anatoka ilikuwa bado haijaiva?"

"Mkaa ni mpya. Ilikuwa bado kabisa."

Ngigi alikaa, akakuna shingo. "Kwa hiyo alikuwa anawawekea ya wakati yeye hayuko."

Hakusema kwa dhihaka.

Ndipo mwalimu Wanyonyi alipotoa mikono mfukoni.

"Vizuri sana," akasema. "Nimefurahi. Sasa mniambie mmethibitisha nini. Mwongozo unasema alitoka kwa hasira. Nyinyi mmenionyesha kwamba tangu jana yake, huyu mama alisugua vibuyu, akachemsha maziwa, akapanga. Mtu wa hasira tunaweza kumsamehe, kila mtu ana siku yake. Lakini huyu alikaa na watoto wake, akawapikia, akawaosha miguu, na moyoni anajua anaenda. Mmemtoa kwa usaliti mdogo mkamweka kwa mkubwa."

Wanafunzi wakasema "aah" kwa pamoja, kama watu walioona mpira ukigonga mwamba. Lilikuwa pigo zuri, zuri kuliko chochote kilichoandikwa kwenye mwongozo. Akamheshimu mwalimu palepale. Na kwa sababu alimheshimu, hakutaka kumjibu kwa machozi.

"Umesema kweli, mwalimu," akasema. "Nilipanga. Sikatai. Sasa nisaidie hesabu. Watoto wangu ni wangapi?"

"Watatu."

"Na vibuyu?"

"Vinne," Wanyonyi akasema taratibu.

"Cha nne ni cha nani?"

"Si ni cha mzee?" Ngigi alisimama haraka. "Cha Kimeto. Watoto watatu na bwana, nne. Kesi imeisha."

Wale wa Naivasha wakapiga meza. Jepkemei alitabasamu, lakini jibu hakulijua. Riwaya yenyewe alikuwa ameisoma mara moja tu miaka mitatu iliyopita, akabaki na mistari yake ya jukwaani. Labda kijana alikuwa amesema kweli. Labda cha nne kilikuwa cha Kimeto, na mwongozo ukawa sahihi, na kesho asubuhi shuka ingekuwa kwa Zeddy. Angeweza bado kupiga magoti. Goti lilikuwa tayari.

"Mimi nimeshasema yangu," akawaambia. "Kitabu mnacho. Tafuteni."

Basi kurasa zikaanza kufunguliwa. Ukumbi mzima ulisikika kama kuku wanaochakura majani makavu. Waliokuwa na mwongozo tu walijikuta hawana pa kutafuta, wakahama viti, wakaenda kuchungulia kwa wenye riwaya, wanne wanne, vichwa vimegusana. Walimu wa shule zile nyingine nao wakaomba vitabu. Wanyonyi alikuwa amevaa miwani na kupekua nakala yake mwenyewe, midomo ikicheza. Hakuna aliyekuwa anazomea. Ndegwa aliliachilia pazia, akasogea mbele, akanong'ona, "Mathe, na ikikosekana?"

"Ikikosekana nitapiga magoti yote mawili," akamnong'oneza.

Muda ukapita. Kisha Ngigi akasimama tena, na safari hii alisimama polepole.

"Mathe, nimejipiga mwenyewe," akasema.

"Soma, kijana wangu."

Hakukataa neno hilo. Akasoma: "'Kibuyu cha Kimeto kilining'inia juu ya kitanda chake mwenyewe, na tangu mamake afe hakuna mkono mwingine uliowahi kukijaza.'" Akainua kichwa. "Iko huku mwanzo kabisa. Kibuyu yake haikuwa kwa ile ukuta. Na Tabutany hakuwa anaijaza."

"Basi cha nne?" Wanyonyi akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua.

Chepkemboi ndiye aliyejibu, na hakuhitaji kusoma.

"Ni chake mwenyewe, mwalimu. Alijaza cha kwake, akakifunika, akakiacha ukutani na vya watoto. Mtu anahama, anaacha kibuyu yake imejaa? Alikuwa anarudi. Alikuwa anataka akifika apate imeiva, anywe na wao."

Ukumbi uliposimama, ulisimama wote. Viti vilianguka. Wasichana wa nyuma walianza kuimba jina la Tabutany wakipiga makofi, na wale wa Naivasha, waliokuwa wamekuja kumshtaki, wakaimba pia kwa lafudhi yao. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa anapangusa macho kwa leso na kucheka wakati huo huo. Jepkemei aliketi pale kitini, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakuhisi kwamba anapaswa kuinamisha uso mwishoni mwa mchezo. Aliuinua.

Wanyonyi alipandisha mkono mpaka wakatulia.

"Nimebaki na moja," akasema. "Kama alikuwa anarudi, kwa nini hakurudi?"

Ndegwa alifumba macho, maana alijua linalokuja, na kila mtu aliyesikia habari za Lanet alijua pia.

"Hilo, mwalimu," Jepkemei akasema, "kitabu hakisemi."

Wanyonyi alimtazama. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka kicheko kirefu kisicho na haraka, akaenda ubaoni na chaki. Hakufuta neno msaliti. Chini yake aliandika, kwa ule mwandiko mzuri: Thibitisha au upinge, ukitumia ushahidi wa vibuyu vinne. Alama ishirini.

"Hilo ndilo swali la mtihani wenu wa moko," akasema. "Kila mmoja atatetea upande anaotaka. Na mwenye kuniletea mwongozo nitamrudisha nao."

Wanafunzi walilalamika na kushangilia kwa pamoja, na nje ya ukumbi foleni ikapangwa mbele ya maktaba ya shule, watu wakigombania nakala za riwaya iliyokuwa imekaa rafuni tangu mwaka uanze.

Mchana walipita soko la Rongai. Ndegwa alitembea mbele bila kusema mengi, akasimama kwa mama muuza vibuyu, akachagua vitatu, akavigonga kwa kidole kusikiliza. Alipomaliza alimgeukia Jepkemei.

"Mathe, kesho wakikuuliza kama unajuta?"

"Nitawaambia watafute."

"Haya," akasema Ndegwa. "Watafute."

Zeddy alikuwa ameibeba shuka ya buluu tangu ukumbini. Akaikunjua, akamvisha Jepkemei mabegani katikati ya soko, akaikaza kwa kifundo. "Mimi nitakuwa binti mkubwa tu," akasema. "Lakini sasa itabidi nicheze na wewe tofauti. Mimi ndiye nitakuwa nimekulaumu bure."

"Si bure. Hujui bado. Utajua ukitazama ukuta."

Walipopanda gari, Jerry alitaka kuvirusha vibuyu nyuma kwenye gunia. Jepkemei alimnyang'anya vyote, akavipanga mapajani mwake kimoja kimoja, vinne, cha kwake juu. Gari lilipopita lango la shule, wasichana waliokuwa uani walimwona dirishani wakakimbia mpaka kwenye uzio.

"Tabutany," wakamwita, "kibuyu yako bado iko ukutani."

Akateremsha kioo. "Msiifungue," akawajibu. "Nakuja."